Mlangoni

Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga,
banda la mabati yaliyotobolewa misumari:
mchana, nyota kumi na saba darini.
Nilizihesabu, nilikuwa na muda.
Nilikaa mlangoni na kopo la Blue Band,
mia mia, mwanafunzi hamsini,
na asiye na kitu ashike pazia lisipeperuke.

Ndani, Gaudensi na maiki iliyofungwa plasta.
Kijapani hakukijua hata salamu.
Alivizia midomo ya katuni ifunguke
akaitilia maneno, kama mama na kijiko cha uji.
Yule binti mwenye upanga mrefu kuliko yeye
akambatiza Manka.
Mashetani ya chuma yaliposhuka toka mawinguni
yaliongea Kimachame,
na watoto wa Kibosho wakaanguka chini ya mabenchi kwa kicheko.

Kisha theluji. Kisha daraja.
Hapo hata waliokuja mara ya nne
waliacha kutafuna karanga.
Mpenzi wa Manka, nusu mtu, nusu injini,
ubavu mmoja ukivuja oili,
anaanza kusahau: jina lake kwanza, kisha la binti,
na kabla hajawa adui kamili
anampa binti shingo.

Gaudensi alishusha sauti.
Alisema, kila mara hivyo hivyo,
yeye ambaye kila siku alibadili kila kitu:

        Piga sasa, usisite,
        kutu yangu uifute,
        nimeze maneno yote,
        mlangoni nakuona.

Upanga ukapita. Skrini yote nyeupe.
Wapiga debe wazima walisingizia vumbi la unga.
Mimi nilihesabu sarafu, nikakosea, nikahesabu tena.

Mlango gani? Sikuuliza.
Lile lilikuwa daraja, kushoto na kulia hewa tupu.
Nikaolewa Julai na fundi wa majokofu, mtu mzuri.
Gaudensi alileta beseni harusini,
na ndani ya beseni lile kopo, limesuguliwa, tupu.
Nililitia chumvi.

Juzi mwanangu Proti kanipa simu yake:
Mama, katuni ya kizamani, lakini vita yake si mchezo.
Ina maandishi chini, Kiswahili safi,
kila neno na tafsiri yake halali.
Manka kumbe ana jina jingine. Mashetani hayana utani.
Tukafika darajani.
Yule wa chuma akatoa shingo,
na midomo haikufunguka.
Dakika nzima. Chini wameandika: upepo unavuma.
Nikarudisha nyuma.
Upepo unavuma.
Nikarudisha mpaka mtoto akanyang'anya simu yake.

Leo niko Arusha, soko la Kilombero, natafuta shati la shule.
Juu ya rundo la mitumba spika inajirudia:
chagua, chagua, buku, buku, ya leo haina kesho,
nami nikasimama kama niliyekanyaga waya.
Kijana wa rundo hakuinua kichwa.
Mwenye sauti? Alituрekodia tu, tukampa buku tano.
Alishuka shimoni Mererani mwaka juzi. Bado yuko huko.
Inauza kuliko mimi, mama. Wewe unatafuta saizi gani?

Nilichagua shati. Nikachagua lingine. Nikalirudisha.
Betri ilikuwa inaisha; kwenye "kesho" sauti ikazama,
ikawa nzito, ya chini, ile ya theluji.
Nikainama kana kwamba nasoma lebo ya kola,
nikaliambia lile tundu la spika:
nilidhani unatafsiri.