Ndugu wa Ziwa

Mama hutega mtego nyuma ya gunia la mchele,
chambo kipande cha papa mkavu,
na asubuhi hunirushia swali kabla ya chai:
"Na wako, leo wangapi?"
Mia na arubaini na wawili, namjibu. Wote wamekula.
Hucheka mpaka kanga ikamdondoka.
Machomane nzima inajua
binti wa Kombo Faki analipwa mshahara
kulea panya.

Weupe, macho punje za komamanga.
Vitoto vya siku tano havina hata unyoya;
ukikipindua kimoja penye taa unaona maziwa
yametua tumboni, doa jeupe chini ya ngozi.

Tulivibadilisha mama.
Wa yule asiyewahi kuumwa, kwa yule aliyeharisha akapona.
Wa aliyepona, kwa asiyejua kitu.
Nikavisugua kwa pumba za kiota kipya
visikataliwe.
Kisha kila kinywa tone moja la kirusi,
si kile cha wodi ya watoto,
binamu yake tu, wa panya.

Jumatano nikabonyeza matumbo kwa kidole.
Watoto wa aliyepona: njano, maji, mikia imelowa.
Wale wa kambo: wakavu.
Nikahesabu tena. Nikahesabu tena.
Kuzaliwa hakukuwafaa wale.
Hawa limewafaa ziwa.

Mwaka wa mvua kubwa mama alikauka kifua.
Bi Time wa nyumba ya pili alikuwa na ziwa moja la mwanawe Hamadi,
na moja la kuazima.
Wakanipeleka mie, kwa kuwa nalia zaidi.
Pacha wangu Shaame akapewa maji ya mchele kwa kijiko.
Siku tatu.
Hamadi ni ndugu yangu mpaka leo, hanioi.
Dokta Asya angesema: pacha mmoja si jedwali.
Ni kweli. Sikumwambia.

Alhamisi ni siku ya gesi.
Sijui dua ya panya. Nilisema bismillahi,
nikanawa mpaka viwiko.

Usiku mtego ukafyatuka.
Wa kahawia, yu hai, mguu umebanwa.
Nikampindua penye taa, mazoea tu:
chuchu zimevimba, manyoya yamelowa pembeni.
"Muue basi," akasema mama, "wangoja nini?"
Nikapiga magoti nyuma ya gunia,
nikazuia pumzi,
nikasikiliza.