Kutwanga Maji

Tulianza na mapipa manne ya bluu
yaliyowahi kubeba mafuta ya kupikia sokoni Makorora.
Tuliyaosha kwa majivu mara saba
na bado yalinuka vitumbua.
Mimi nilichomelea fremu.
Tatu Singano, aliyesomea hesabu za maji,
alichonga rafadha kwa mbao ya mfenesi wa Muheza,
panga tatu, kila moja na mpindo wake,
akazipaka lami, akasema:
hili ni pangaboi,
ila hili halitatudai,
bahari italizungusha, lenyewe litulipe.

Kamba ya mkonge, kutoka Ngomeni,
nene kama kifundo cha mguu.
Nanga: injini ya Skania iliyokufa.

Mama alituona tukisukuma kutoka Sahare,
ungo wa mchele mkononi. Hakusema.
Jioni akaniachia beti mlangoni
kama mtu anavyoacha kandambili:

    Hayo maji mkitwanga, tangu jua kuchomoka,
    utatoka gani unga, chunguni nikaupika?
    Bahari si ya kuchunga, kama mbuzi wa sadaka,
    mwanangu acha kutanga, maji nayo yatachoka.

Sikumjibu.

Mtambo wa kwanza ulizunguka siku sita.
Siku ya saba mwani ukaufunga kilemba
ukanyamaza.
Wa pili, kule Ulenge inakotazama mlango wa ghuba,
ulikata kamba usiku wa bamvua.
Tuliukuta Chongoleani, umepanda mikoko,
watoto wameshaufanya bembea.
Chaza wadogo wameota mpaka kwenye sumaku.
Tatu aliwahesabu, wallahi, mmoja mmoja,
akaandika: *Chaza 212. Lami haifai.*

Daftari hilo ninalo mimi.
Limelowa, limekauka, limevimba kama andazi.
Humo nimejifunza kwamba mkondo ni neno moja
lenye mizigo miwili, wa maji na wa umeme,
na kazi yetu ni kuumimina huu ndani ya ule
bila kumwaga mwingi njiani.
Tulimwaga mwingi.
Siku za bamvua sindano ya mita inaruka.
Siku za maji mafu balbu ni nyekundu,
jicho la mtu mwenye homa.
Pembeni, kwa mwandiko wa Tatu:
*Umeme wa luku huisha kabla ya mwezi.
Huu, mwezi wenyewe ndio unaoulipa.*

Wa tatu tuliushusha karibu,
kwenye mkono wa bahari nyuma ya nyumba zetu,
waya mita mia tatu juu ya vigingi.
Kwanza tuliunganisha friji ya Mwanakheri Mbaruku,
na samaki wake wakalala salama hadi asubuhi.
Kisha jikoni kwa mama.
Balbu ya wati tisa.

Aliitazama.
Kibatari hakukizima, alikisogeza tu kando,
kama mgeni anapoongezeka kwenye mkeka.
"Na maji?"
"Hayajachoka, mama."
"Umeyauliza?"

Nikatoa nilichokuwa nacho, miezi kumi na minne mfukoni:

    Leo kinu kina unga, mweupe wa kumulika,

nikakwama hapo.
"Beti ina mistari minne," akasema.
"Mitatu bado."

Nje ilikuwa saa ya maji kusimama,
yameshajaa, hayajaanza kupwa.
Rafadha husita hapo
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani,
kisha hugeuka, huzunguka upande wa pili.
Dakika ishirini hivi. Zamani nilikuwa napiga kelele,
nakimbilia spana.
Balbu ikafifia, ikawa uzi, ikazimika.
Tukabaki na kibatari.
Mama hakuuliza kitu.
Alikuwa ananyanyua vidole, kimoja kimoja,
akihesabu mizani.