Zamu ya Alasiri

Kazi yangu ni masikio.
Dakika tano naandika, dakika tano anaandika Mokeira,
namwachia kiti kikiwa bado na joto langu.
Tunanasa kila neno la waheshimiwa
bila kutia chumvi, bila kupunguza pilipili.

Leo amesimama Nzilani Kiteme.
Mswada wake unasomwa mara ya pili,
kurasa tisa, umepigwa chapa kwa wino hafifu.
Hausomi.
Anafungua mkoba, anatoa karatasi tatu.

Ya kwanza ni risiti ya duka la dawa pale Pipeline:
insulini, nusu ya dozi,
kwa kuwa nusu ndiyo mfuko uliyoimudu.

Ya pili imeandikwa nyuma ya bahasha ya karo:
unga, gesi ya kilo sita, maziwa.
Maziwa yamekatwa,
yakaandikwa tena,
yakakatwa tena, safari hii kwa nguvu, karatasi ikatoboka.

Ya tatu ni tikiti ya barabara ya juu, kutoka Mlolongo,
saa nane na dakika kumi na moja za usiku.
Mwanamume na gari la kuazima,
mkewe kiti cha nyuma, ameng'ata leso,
naye akipapasa chini ya zulia
akitafuta shilingi ishirini iliyopungua.
"Mheshimiwa Spika," anasema,
"kizuizi hakijui uchungu."

Hoja ya nidhamu!
Je, ni halali kugeuza Bunge hili kaunta ya duka?
Naandika: Kicheko.
Neno moja tu,
kana kwamba waliocheka wote walicheka kitu kimoja.

Mwingine, suti ya kijivu, bila kuwasha kipaza sauti:
"Deni la barabara utalipa wewe? Mkono mtupu haulambwi!"
"Na uliojaa haufunguki," akajibu Nzilani.
"Deni nalijua, ndugu yangu. Nimelea watoto wanne,
deni nalijua hadi jina lake la utani.
Siombi barabara ivunjwe.
Naomba kijiti kiinuke akipita mgonjwa,
muuguzi wa zamu ya usiku asilipie kwenda kutuuguza,
na zahanati isifungwe kufuli saa kumi na moja jioni
kama kinyozi."

Kisha akanyamaza.
Nilihesabu sekunde kumi na tatu.
Hatuna alama ya kuandika kimya.

Juu, kwenye roshani ya wageni, mtu mmoja alisimama,
sweta ya kijani, kiwiko kimetoboka.
Askari akamwashiria aketi.
Akaketi.
Wageni hawaandikwi.

Ndipo suti ya kijivu ikauliza habari ya akidi.
Kengele ikalia, ikalia,
ikapita ukumbini, ikashuka hadi mkahawani
ambako chai ya tangawizi ilikuwa imemiminwa sasa hivi,
ikarudi peke yake.
Karani akahesabu vichwa, akarudia kuhesabu kwa heshima tu.
Viti vya kijani vilikuwa vingi kuliko watu.
Bunge likaahirishwa.

Nimebaki kuhariri.
Mstari wa arobaini na mbili, kidole kiliteleza:
badala ya kizuizi
nimeandika kizazi.
Kizazi hakijui uchungu.
Nililitazama kosa hilo muda mrefu,
taa za Barabara ya Harambee zikiwaka moja moja,
nikafikiria vidonge vya presha vya mama
ambavyo hukata kati kwa kisu cha mkate
akidhani sijui.

Nikalisahihisha. Ndiyo kazi.

Dirishani nilimwona Nzilani akivuka barabara,
mkoba kwapani, anazungumza na mtu wa sweta ya kijani,
au anasikiliza, kwa mbali huwezi kujua.

Jumanne Mswada uko nambari saba kwenye ratiba.
Saba huwa hatufiki.
Hata hivyo nimemwomba Mokeira
tubadilishane zamu.