Nyeupe, na Nyeupe Kidogo

Kiwandani tulikaa kwenye meza ndefu, taa juu yetu,
na kazi yangu ilikuwa kutenga weupe na weupe:
korosho nyeupe huku, iliyobabuka kidogo kule,
vipande chini, kwenye debe.
Miaka minne sikukosea.

Kisha asubuhi moja zote zikawa ndugu,
baba mmoja, mama mmoja, rangi moja ya majivu ya jana.
Bi Nanjonga msimamizi akachota konzi kwenye bakuli langu,
akaitandaza, akauliza kwa ule upole unaouma:
"Litumbo, na hii unaiita nyeupe?"
Nikaitazama. Nikaitazama tena.
"Mama, leo hata ukuta ni korosho."

Wenzangu walicheka. Sikuwa nimetania.

Wakati huo sauti zilikuwa zimeshahamia kwangu,
hazikubisha hodi, hazikuleta hata mkeka.
Zilipenda moshi, au mimi ndiye niliyedhani zinapenda.
Nikivuta, zinakaa kitako
kama watoto walioahidiwa ubwabwa.
Basi nikavuta: moja kabla ya chai, moja baada yake,
moja nyuma ya ghala,
moja kwa ajili ya ile iliyotangulia.
Mkandu wa dukani akanifungulia daftari.
Dada yangu Somoe alivihesabu vichungi uani kwa ufagio,
akawa ananitajia namba tu, bila mahubiri:
"Thelathini na moja."

Ligula, chumba cha macho. Kijana mwenye koti jeupe
(jeupe, nadhani)
akanionyesha E zenye miguu mitatu.
Inaangalia wapi? Juu. Kushoto. Chini, inatazama tumbo lake.
Nilifika mpaka mstari wa sisimizi.
Akageuza karatasi. Hapa E zilikuwa kubwa kama milango,
ila kila mstari wino umepunguzwa,
mpaka zikabaki E za kunong'onwa.
Mstari wa tatu nikasema, "Karatasi imekwisha."
Haikuwa imekwisha.

Aliandika muda mrefu. Akasema macho yako mazima,
lakini kati ya kuona na kujua pana njia,
na yako ina ukungu kutoka pande mbili,
huku maradhi, huku sigara.
"Upi ulitangulia?"
Akatabasamu: "Hata wenye vitabu wanabishana."

Mjomba Chilumba anachonga sura, kule Chikongola,
sura nyembamba za mti mwepesi, za kuvaa usoni.
Jumamosi aliigeuza moja, akatuonyesha mgongo wake,
lile shimo ambamo mtu huingiza uso.
"Simameni pale mlangoni. Tazameni ndani, mtu anatoka."
Na wote walimwona: pua imetokeza, mashavu yamevimba,
ukihama naye anakugeukia.
Somoe alirudi nyuma hatua mbili.

Mimi niliona shimo.
Shimo, alama za patasi, na mahali pa pua
palipozama kama wayo kwenye tope.

Mimi, ninayeona watu kwenye kutu ya bati saa nane usiku,
ninayeiomba kanga ya Somoe pale kambani iache kunikodolea,
siku nilipoonyeshwa uso kwa makusudi, sikuuona.

"Huoni mtu?"
"Ni tupu, mjomba."
Akapitisha dole gumba ndani, polepole, mpaka kidevuni.
"Ni tupu kweli," akasema. "Hawa wote nimewadanganya."
Sikujua nifurahi au nilie. Nikaomba kiberiti.
Hakunipa.

Sasa nashona magunia. Sindano ni kubwa, uzi ni mweusi,
hapo hatugombani.
Vidonge nameza usiku, vinanifanya mdomo uwe mchanga.
Jana Somoe alisema, "Kumi na nne,"
akaegemeza ufagio ukutani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Dirishani nimeweka korosho moja.
Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya ile ya kwanza,
naiuliza daraja lake.
Leo ni nyeupe kidogo.
Au nyeupe.
Ngoja jua lipande.