Mgeni Asiyelala

Gabrovo, mji ambao wenyeji husema wenyewe, wakicheka,
kwamba paka wao hukatwa mikia
ili mlango ufungwe upesi na joto lisitoroke,
hakitupwi kitu.
Kinawekwa tu.

Ndivyo kompyuta ya marehemu Dechko ilivyowekwa
miaka tisa jikoni, chini ya kitambaa cha kufuma,
na juu ya kitambaa, chungu cha mnanaa.
Bibi Tsonka aliileta maktabani kwa kigari cha mtoto,
theluji imegandia magurudumuni,
akaitua mezani kwangu kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

"Imekufa," alisema. "Imekufa vipi, sijui."

Nikabonyeza. Feni ikakohoa,
ikatema vumbi la kiangazi cha zamani,
halafu skrini: giza, na mstari mmoja mweupe
ukilalamika kwamba mfumo haupatikani.
Fundi wa barabara kuu alishamwambia anunue mpya.
Alimtajia bei. Bibi akamtajia pensheni.
Mazungumzo yaliishia hapo.

Mimi nina droo. Ndani ya droo nina CD
nilizochoma mwenyewe usiku wa manane,
nikaziandika kwa wino mzito:
Linux. Ya bure. Ole wako uiuze.
Nikachukua moja, nikaipangusa kwa pindo la shati.
Trei ikatoka ikisitasita, ulimi wa mgonjwa mbele ya daktari,
ikameza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
huyu ndiye mgeni aliyekusudiwa.
Haombi kitanda, hapigilii msumari ukutani.
Anaketi kwenye kumbukumbu, ncha ya kiti tu,
anawasha taa, anafungua madirisha,
na diski kuu, pamoja na maradhi yake,
haiguswi hata unywele.

Tukangoja. Dakika nne. Sita.
CD ikazunguka, ikakwama, ikanguruma tena.
Nilitaka kuomba radhi, lakini Bibi,
miaka thelathini na moja mbele ya mtambo wa kufuma sufu,
alikuwa ameinamisha sikio.
"Iache," alisema. "Mashine inayopiga kelele hivyo
bado inataka kazi."

Ikaja buluu. Ikaja saa, kwenye pembe, si sahihi.
Kikaja kishale, kikatetemeka kama ndama aliyezaliwa sasa hivi.

Nilipoifungua diski ya Dechko nikageuza uso kidogo.
Nilidhani ni picha, au barua,
vile vitu ambavyo mjane husoma akiwa peke yake.
Lilikuwamo faili moja tu. Jina: MADENI.

Pilipili za vuli: mitungi arobaini na miwili.
Taa ya ngazi: nimeizima mapema, dakika ishirini, kila usiku.
Stoyan wa ghorofa ya pili: nyundo. Hajarudisha.
Tsonka: amenigeuzia kola, mashati mawili. Sijamlipa.
Mincho: makaa, magunia mawili.

Mincho ni baba yangu.

Bibi alisoma kwa kidole, akiacha alama kwenye kioo.
Alipofika kwenye jina lake alirudi mstari mmoja nyuma,
kwenye nyundo,
ili alifikie tena.

"Nikizima, itakumbuka?"
Nikamwambia faili lipo, lilivyokuwa ndivyo lilivyo.
Ila huyu mgeni, umeme ukikatika,
hajui alikuwa kwa nani,
wala haachi hata duara la kikombe mezani.
"Afadhali," akasema. "Wageni wa namna hiyo wamekwisha."

Akazima mwenyewe. CD ikatoka na joto lake,
nikaitia kwenye bahasha, akaitia kifuani, ndani ya koti,
akasukuma kigari hadi mlangoni
akaufunga haraka, kama wafanyavyo wote hapa.

Alhamisi alirudi bila kompyuta.
Nilivuta kiti, nikauliza kama mgeni anafanya kazi vizuri.
Anafanya, alisema.
Yeye alikuja kuhusu makaa.