Zabibu Tatu

Kila mchezaji hupewa zabibu kavu tatu
kabla sijafungua daftari. Tatu, basi.
Maji yakimwagika hayazoleki, najua,
ila kwenye meza hii yanazoleka mara tatu:
ukirusha dadu na isikupende,
kula moja, urushe tena.
Lakini sikia, Nyemo, maana wewe hujifanya kiziwi:
mrusho wa pili ndio mrusho.
Hata ukiwa mbaya kuliko wa kwanza
huruhusiwi kurudi kuuokota ule.

Tuko Makole, nyuma ya duka la simu.
Mlango tumeuzuia kwa tofali,
maana upepo wa Julai huleta vumbi mpaka ndani ya chai.
Meza ya plastiki, mguu mmoja mfupi,
kwa hiyo dadu ya pande ishirini
hupenda kukimbilia upande wa Perusi,
naye huapa hajaipuliza.
Ikianguka sakafuni haihesabiki.
Hiyo haitaki zabibu, hiyo ni ajali.

Perusi ni mwindaji. Akinyata gizani
hurusha mbili kwa pamoja, akachagua iliyo kubwa.
Ndahani ni mhunzi: nyundo yake ikileta moja
hurudia bure. Moja tu, si mbili,
na juu ya hiyo mbili tuligombana wiki nzima.
Nyemo hana kitu. Nyemo ana zabibu,
na kawaida huzimaliza kabla hatujaanza
kwa sababu hakula mchana.

Leo amebakiza moja.

Nimewapeleka kwenye dimbwi.
Hakuna nyumba bado, hakuna bunge wala reli,
kuna miiba, na maji, na tembo
aliyekuja kunywa. Matope yamefika magotini,
sasa tumboni. Mnakijua kisa hiki
tangu darasa la pili: alizama,
watu wakasema "idodomya", mji ukapata jina.

"Namvuta," akasema Nyemo.
Unamvuta nani?
"Tembo. Nina kamba."

Ndahani alicheka mpaka akakohoa.
Ukimtoa, alisema, sisi tutaishi wapi?
Barua zangu za ofisini zitaandikwa mji gani?
Nyemo akaitikisa dadu sikioni
kama mtu anayepima yai viza.
Nilimtaka apate kumi na nane.
Tatu.

Akaitazama zabibu yake
muda mrefu kuliko inavyostahili zabibu.

Nami nikamkumbuka mama, kule Mvumi,
mwaka ule mvua iliponyesha siku nne za Desemba
kisha ikafumba mkono. Uwele ulichomoza, ukanyauka.
Kilikuwapo kibuyu kimoja cha mbegu, darini,
nasi tulikuwa tukikitazama kwa njaa,
maana mbegu ni chakula pia, kila mtoto anajua.
Januari akakishusha.
Hakusema neno kuhusu bahati.
Alipanda tena, mashimo yale yale.
Mvua ya pili sitaisimulia hapa.

Nyemo akaila. Aliitafuna taratibu,
akalamba kidole, akarusha.
Dadu ikagonga kikombe, ikazunguka ukingoni,
Perusi akainua mikono juu asije akashukiwa,
ikalala.

Mbili.

"Bora ile tatu," akasema Nyemo.
Bora, ndiyo. Lakini umeshakula.
Nikawasimulia kamba ilivyokatika,
mgongo ulivyogeuka kisiwa, kisha jiwe, kisha mapovu,
na wale watu ng'ambo ya dimbwi
waliofungua midomo kusema lile neno.
Nje bodaboda ilipita ikipiga honi bure.
Ndahani, aliyekuwa akicheka, alikuwa kimya,
anakwangua plastiki ya meza kwa funguo.

Nyemo akatema kijimbegu mezani,
akakigeuza kwa ukucha, upande huu, upande ule,
akaniuliza kama na hicho kinahesabika.