Viungo vya Wasiorudi

Umburana ni mti laini, haukikatai kisu.
Ukiukata asubuhi hunukia kama kabati la nguo za bibi,
na kufikia jioni nimeshatoa humo goti, sikio,
kichwa cha mtoto mwenye kifafa.
Ndiyo kazi yangu hapa Poço do Umbu,
katika nyika ya Brazili ambako mvua huja kwa kusitasita:
mtu huugua, humwekea Bikira nadhiri,
akipona huja kwangu kuagiza kiungo kilichopona
akakitundike katika chumba cha miujiza, nyuma ya altare.
Ahadi ni deni. Mimi nachonga risiti.

Lakini wapo wanaoagiza kabla.
Mzee Anfrísio alilipa nusu, akasema,
"Valdenor, mguu wa kushoto, na usisahau kidole kilichopinda."
Sikusahau. Kisukari nacho hakikusahau:
walimkata chini ya goti, kisha juu ya goti,
kisha padre akaitwa.
Mguu wake uko rafuni kwangu, mzima, kidole kimepinda.
Jirani zake ni jicho la mshona nguo,
mikono miwili ya mtu nisiyemuuliza jina,
na moyo, mdogo, kama limau.
Jumla kumi na kimoja. Navipangusa vumbi kila Jumamosi.
Padre Leovigildo huniambia nivifanye kuni.
"Havikutimia," husema,
kana kwamba ni mimba.

Usiniulize kama nasadiki.
Nilikuwepo binti wa Genésia alipofungua kinywa,
miaka saba hajatamka hata silabi,
katikati ya maandamano, jua la utosini,
akasema: maji.
Si Bwana, si Mama. Maji.
Daktari wa mjini alisema hutokea.
Ndiyo, hutokea. Hilo ndilo nililoliona: likitokea.
Kinywa chake nilikichonga bure.

La Ivonete nalo nililichonga bure.
Titi moja, la kulia, usiku, mlango nimeutia komeo
asije akasikia patasi akaniuliza.
Nilitumia kiini cha mti, kisicho na fundo.
Nilikesha nikimwambia Mama wa Mungu maneno
ambayo mtu humwambia mwenye duka akitaka kukopeshwa.
Mvua zilipoanza tulimzika.
Mvua nzuri, mwaka ule. Watu walishukuru.

Jumatatu moja, kanisa tupu, nikaingia nalo chini ya koti,
nikalitundika kati ya magongo na picha za harusi.
Sikujua ni shukrani au ni shtaka.
Sijui hadi leo.
Msumari tu ndio uliokuwa na uhakika.

Wiki ya pili nikamkuta mwanamke, si wa hapa,
amepiga magoti kwenye saruji, amewasha mshumaa,
kiganja chake juu ya mti ule ule.
"Tazama," akaniambia, machozi yanamchuruzika,
"kuna aliyepona. Ugonjwa huu huu. Upande huu huu."

Ulimi wangu uligeuka umburana.
Ningesema nini? Kwamba mwenyewe amelala
mita mia mbili kutoka pale, safu ya nne,
chini ya msalaba niliouchonga pia?
Nikasema, "Ni kazi safi."
Naye akasema, "Ya Mungu."
Nikanyamaza. Dhambi ile sijaiungama,
sijui niiite jina gani.

Juzi amerudi. Kitambaa kichwani, shingo imekonda kama mpini.
Akaweka noti mezani, zimekunjwa ndogo ndogo kama hirizi.
"Titi. La kulia. Kama lile."
Nikauliza, ingawa fundi hapaswi kuuliza:
"Umepona?"
"Bado," akasema. "Natanguliza."

Nyuma yangu rafu ilikuwa kimya,
Anfrísio na wenzake wote.
Nikachagua gogo. Nikalinusa.
Nikamuuliza atalihitaji lini.